Sahihi Yangu kwenye Kadi ya Gari Jeusi

Katika siku zote nilizojaliwa kuishi, mwanangu, ipo moja ambayo nikiikumbuka hata leo viganja vinanitoka jasho. Nilikuwa na miaka ishirini na minne. Nilivaa ovaroli ya bluu yenye jina langu kifuani, Mwajuma, limeshonwa kwa uzi mwekundu, na nilijiona nimefika.

Jana umeniambia umepata kazi ya ukaguzi, na kwamba bosi wako anakupenda kwa sababu wewe si msumbufu, ukiletewa karatasi unatia sahihi mara moja. Ulicheka uliposema hivyo. Mimi sikucheka, na ndiyo maana nimekuita. Kaa hapo. Chai ikichemka tutaiepua, usiwe na haraka.

Hapa Morogoro, upande wa Kihonda, palikuwa na kiwanda cha magari. Vijana wa leo nikiwaambia hawasadiki. Si malori wala matrekta, ni magari ya kifahari, ya kubebea mawaziri na wageni wa taifa. Injini na vyuma vilikuja kwa meli ndani ya makasha ya mbao, vikapanda treni mpaka hapa, sisi tukaviunganisha. Lakini vile vitu vilivyomfanya mtu akiingia ndani atulie kwanza kabla ya kusema neno, vilikuwa vya kwetu. Ngozi ya viti ilitengenezwa humu humu mjini. Dashibodi ilikuwa ya mninga, ikisuguliwa kwa msasa na akina mama watatu kutoka Mgeta, mpaka ukiinama unaona meno yako. Gari moja lilikaa mikononi mwetu wiki nyingi. Likitoka, wafanyakazi wote tulisimama mlangoni kulitazama, kama watu wanaosindikiza bibi harusi.

Mimi nilikuwa mkaguzi. Kazi yangu ilikuwa shimoni. Shimo lenyewe ni mfereji uliochimbwa kwenye sakafu, unashuka kwa ngazi chache, gari linasimama juu yako, nawe unaangalia tumbo lake lote kwa tochi: springi, mabomba, nati, breki. Ukiridhika unapanda, unatia sahihi kwenye kadi, gari linaruhusiwa kwenda barabarani. Bila sahihi ya mkaguzi hakuna gari lililovuka geti.

Aliyenifundisha kazi hiyo alikuwa Mzee Anyosisye, Mnyakyusa wa Rungwe, dereva wa majaribio. Kila gari jipya yeye ndiye aliyelipeleka milimani kulijaribu. Alikuwa mtu mrefu, mkimya, mlokole asiyegusa pombe. Nilipoanza kazi, baadhi ya mafundi walinicheka, kwamba binti wa Kiluguru tena wa Kiislamu atalalaje chini ya gari mbele ya wanaume. Mzee Anyosisye alinipa tochi yake mwenyewe, akaniambia, "Mwanangu, mimi ninaendesha. Kule chini sikuoni. Macho yangu ya kule chini ni wewe." Tangu siku hiyo, kabla hajawasha gari lolote, aliniuliza swali moja: "Umeingia shimoni?" Nami nikijibu, aliondoka bila kutazama kadi.

Halafu ikaja ruksa. Milango ya nchi ikafunguliwa, kila mwenye uwezo akaruhusiwa kuingiza anachotaka. Usinielewe vibaya, mwanangu, sisi nasi tulifurahi. Tulikuwa tumechoka kupanga foleni ya sabuni. Lakini pamoja na sabuni yakaja magari yaliyotumika, kutoka Dubai na Japani, meli baada ya meli, na wakubwa waliokuwa wakisubiri zamu ya gari letu mwaka mzima wakaona hawana haja tena. Wakaanza kupunguzwa mafundi wa kupaka rangi. Wakafuata mafundi wa viti. Wale akina mama wa msasa walipewa barua siku moja, wote watatu. Walikunja kanga zao, wakaenda kupanda gari la kurudi Mgeta, na mmoja alisahau msasa wake mezani. Hakuna aliyeuondoa.

Ndipo tukasikia kiwanda kinauzwa. Wanunuzi wawili kutoka nje wangekuja na ofisa mmoja wa serikali kutoka Dar es Salaam. Wangetembezwa kiwandani, kisha wangepandishwa kwenye gari la mwisho tulilokuwa nalo, gari jeusi, wakapelekwe mpaka Kiroka na kurudi, waone linavyopanda mlima. Meneja wetu, jina lake silitaji, ametangulia na Mungu amrehemu, aliandaa orodha ya watu watakaobaki kama mauzo yakifanikiwa. Orodha hiyo aliiweka kwenye mfuko wa shati. Tulikuwa tunaongea naye macho yetu yakiwa mfukoni.

Siku moja kabla ya wageni, niliingia chini ya lile gari jeusi. Breki ya mbele kushoto, mpira wake ulikuwa na nyufa kwa gari kukaa muda mrefu bila kutoka. Mpira wa breki, ule unaopeleka mafuta kwenye gurudumu, ukipasuka kwenye magari ya wakati ule, breki zote zinakufa kwa mpigo. Nikauzungushia alama ya chaki, nikamwambia fundi wa breki, Selemani, aubadilishe. Akasema mpya atautoa stoo asubuhi.

Asubuhi wageni wakafika mapema kuliko tulivyotarajia. Kila mtu akawa anakimbia. Meneja akanijia na kadi na kalamu, jasho limemlowesha kola.

"Mwajuma, sahihi."

"Ule mpira umefungwa?"

"Umefungwa. Tia sahihi, wageni wamesimama."

"Nishuke mara moja tu niangalie, bosi. Dakika tatu."

Alinitazama, halafu akagusa mfuko wa shati. Sijui kama alikusudia. Labda alikuwa anajikuna. Lakini mimi nilielewa nilivyoelewa. "Tumebakiza mkaguzi mmoja tu kwenye mpango mpya," alisema, "nami nahitaji mtu anayejua kwenda na wakati."

Shimo lilikuwa hatua kumi kutoka nilipokuwa nimesimama. Mwanangu, nimezihesabu hatua hizo maisha yangu yote. Nilichukua kalamu nikatia sahihi.

Si hilo tu. Laiti lingekuwa hilo tu. Mzee Anyosisye alikuja amevaa shati jeupe lililopigwa pasi, akafungua mlango wa gari, kisha akageuka kunitafuta kama kawaida yake.

"Shikamoo, mzee," nikamwahi.

"Marahaba. Umeingia shimoni?"

Nikasema, "Nimeingia."

Akapanda. Wanunuzi wakakaa nyuma, ofisa akakaa mbele kushoto. Geti likafunguliwa, gari jeusi likatoka taratibu, linang'aa, nasi tukapiga makofi. Na mimi nilipiga.

Haikupita nusu saa, Selemani akaja anafuta mikono kwa kitambaa. Alikuwa kijana wa rika langu, mchangamfu, mtu wa mizaha. Siku hiyo uso wake ulikuwa mkavu.

"Dada Mwajuma, ule mpira amefunga nani?"

"Si wewe?"

"Mimi nimekuta gari limeshaondoka. Nilikuwa stoo, mwenye ufunguo alichelewa. Mpira mpya huu hapa."

Akanyoosha mkono. Mpira ulikuwa bado umo kwenye karatasi yake.

Nilikimbilia ofisini. Meneja alikuwa anaongea kwenye simu, anacheka. Nikamwambia. Akafunika simu kwa kiganja, akasema, "Mpira wenye nyufa unaweza kwenda mwezi mzima. Rudi kazini, usinitie mkosi." Wakati ule hapakuwa na simu za mkononi, mwanangu. Gari likishatoka, limetoka.

Selemani alikuwa na pikipiki. Aliipiga kiki, nikapanda nyuma na ovaroli yangu. Tukapita Msamvu, tukakata katikati ya mji, tukashika njia ya Bigwa. Mawingu yalikuwa yameshuka mpaka katikati ya milima na mvua nyepesi imeanza, ile ya huku kwetu isiyo na kelele. Lami ilipoisha, udongo mwekundu ukawa unateleza. Mara mbili pikipiki ilitaka kutulaza. Nilikuwa nasoma kila dua niliyofundishwa utotoni na nyingine nazikatisha katikati. Hesabu yangu ilikuwa hii: kupanda si tatizo, mtu akipanda mlima hahitaji breki sana. Tukiwakuta Kiroka kabla hawajageuza, tumepona.

Hatukuwakuta Kiroka. Tulikuwa tumeanza kupanda kona zile za juu tuliposikia honi. Si honi ya kupiga na kuacha. Ilikuwa moja, ndefu, haikatiki. Selemani akasimamisha pikipiki pembeni, tukaruka.

Gari jeusi likatokea kwenye kona ya juu, taa zote zinawaka mchana. Injini ilikuwa inalia kwa sababu Mzee alikuwa anashusha gia moja baada ya nyingine, na gurudumu la nyuma lilikuwa linafuka moshi wa hendibreki. Mwendo haukupungua. Upande mmoja wa njia ni bonde, unaona vilele vya migomba chini kabisa. Upande wa pili ni ukuta wa mlima. Na mbele yake, kati yetu na yeye, walikuwa akina mama watano wanashuka sokoni na mikungu ya ndizi kichwani, wamegeuka kutazama honi inakotoka, hawajui wakimbilie wapi.

Sikiliza vizuri hapa. Ukuta wa mlima ulikuwa mkono wa kulia wa anayeshuka, na usukani wa gari uko kulia. Kwenda ukutani maana yake ni kwenda na ubavu wake mwenyewe. Nilimwona. Nakuapia nilimwona anatazama bonde, anatazama akina mama, halafu mikono yake ikavuta usukani kulia.

Gari lilikwangua mlima kwa urefu ambao sitausahau, vyuma vinapiga kelele, mawe yanaruka, mpaka likaingia kwenye mtaro likalala kwa ubavu. Honi ikanyamaza. Akina mama walikuwa wameitupa mikungu, wamekaa chini njiani. Hakuna hata mmoja aliyeguswa.

Watu wakatoka mashambani. Tuliwatoa wanunuzi, mmoja mkono umevunjika, mwingine anatetemeka tu. Ofisa alipasuka paji la uso. Mzee Anyosisye alikuwa wa mwisho, kwa sababu mlango wake ndio ulikuwa chini. Mguu wa kulia ulikuwa umebanwa na vyuma. Dashibodi ya mninga ilikuwa imevunjika vipande na vipande vimemwingia. Alikuwa na fahamu zake zote. Aliniona nimepiga magoti kwenye maji ya mtaro.

"Mwajuma," akasema. "Umefuata nini huku?"

Akanitazama muda, nikaona anaelewa. Hakukasirika. Ningefurahi angekasirika. Alifumba macho tu, kama mtu aliyechoka na wewe.

Hospitali walimkata mguu juu ya goti. Jioni ile Meneja alinikuta kwenye korido nimekaa sakafuni, akanivuta pembeni, akaongea kwa sauti ya chini. Kadi anayo yeye, akasema, itapotea. Mzee umri umekwenda, macho hayaoni vizuri, alikimbiza gari kwenye mteremko. Wanunuzi bado wana nia, wanachotaka ni kujua tu kwamba tatizo ni dereva, si kiwanda. "Kuna watu wengi wenye watoto pale kiwandani. Unataka wote waende nyumbani kwa ajili ya mpira mmoja? Nyamaza. Kikao ni keshokutwa."

Ninyi vijana mnadhani mtu anajua haki na batili papo hapo. Mimi nilinyamaza siku nzima. Nilikwenda kazini, nikakaa pembeni ya shimo. Kufikia jioni maneno yalikuwa yameshaenea mjini kwamba Mzee alikuwa amekunywa. Mtu ambaye hata togwa iliyochachuka alikuwa haigusi! Mke wake, Mama Tumaini, alikwenda dukani kununua chumvi, wakamnyamazia. Aliniambia hivyo mwenyewe nilipokwenda kuwaona wodini, hakujua anamwambia nani. Alitoka kwenda kuchukua maji, nikabaki na Mzee.

"Mzee, nisamehe," nikasema. "Nilikudanganya."

Alikuwa anatazama dari. "Ule mguu walinikata madaktari, Mwajuma, na walinikata wakiwa na sababu. Hili jina langu mnalolikata ninyi, mna sababu gani?"

Nikalia. Akaniacha nilie mpaka nikamaliza, hakunipa hata neno la kunibembeleza. Kisha akasema, "Mimi siwezi kukuombea kwenye kikao. Siwezi hata kusimama. Nenda ukafanye unalotaka kufanya, lakini usije kunililia hapa tena kabla hujalifanya."

Kikao kilikuwa kwenye bwalo la chakula. Wanunuzi walikuwepo, mmoja mkono umefungwa shingoni, na ofisa mwenye plasta usoni, na wafanyakazi wote tuliobaki. Meneja akaeleza alivyopanga. Mwendo kasi, umri, uzembe wa dereva. Alipomaliza akauliza kama kuna mwenye la kuongeza, akiwa anakusanya karatasi zake tayari.

Nilisimama. Nikashika meza. Nikasema gari lilikuwa na mpira mbovu wa breki. Nikasema niliuona mwenyewe, nikauwekea chaki, na asubuhi yake nikatia sahihi bila kushuka shimoni. Nikasema Mzee aliniuliza na mimi nikamjibu uongo. "Kama kuna mzembe humu ndani," nikasema, "mnamwona amesimama."

Meneja akapiga meza. "Kadi iko wapi? Una ushahidi gani?"

Hapo Selemani akainuka nyuma kabisa, akaja mbele, akaweka mezani ule mpira mpya, bado umo kwenye karatasi yake. Kisha akarudi kukaa. Yule ofisa mwenye plasta aliuchukua, akaugeuzageuza, akamtazama Meneja mpaka Meneja akainamisha uso.

Ningependa kukuambia kwamba baada ya hapo mambo yalikwenda vizuri, lakini sikukuita hapa nikudanganye. Nilifukuzwa kazi wiki ile ile. Meneja alihamishwa. Wanunuzi waliondoka, na baadaye akaja mwingine akanunua majengo peke yake, akang'oa mashine, akageuza karakana kuwa ghala la vipuri vya magari yaliyotumika. Kiwanda kikafa. Wako watu mpaka leo mjini humu, wazee wenzangu, wanaoamini nilikiua mimi kwa mdomo wangu. Selemani mwenyewe alipokosa kazi alikaa mwaka mzima hanijibu salamu, na sikumlaumu. Mimi nadhani kiwanda kilikuwa kimeshakufa tangu meli ya kwanza iliposhusha magari ya bei nafuu. Nadhani hivyo, sina uhakika. Kuna siku nawaza kama wao.

Ninachojua ni kwamba Jumapili iliyofuata Mama Tumaini alikwenda kanisani na watu walisimama kumpisha. Na Mzee Anyosisye aliishi miaka mingi na gongo lake la kutembelea, akafungua gereji ndogo jirani na Msamvu, mabasi ya bara yakawa yanapita kwake kabla ya safari. Siku aliyoifungua alimtuma mtu aniite. Hakutamka neno msamaha, si siku ile wala baadaye. Alinionyesha basi la Dodoma lililojaa abiria, dirishani mama mwenye mtoto mgongoni, akasema, "Ukimaliza kulikagua, panda nalo. Utarudi kesho." Nilikaa chini ya lile basi saa nzima. Dereva alilalamika, abiria walilalamika. Nilipotoka nilinawa, nikapanda, nikakaa kiti cha mbele. Nilifanya kazi pale mpaka mgongo ulipokataa.

Basi mwanangu, ninalotaka kukuambia ni hili. Jina lako usiliandike mahali ambapo macho yako hayajafika. Atakuja mtu na kalamu na haraka zake, naye atakuwa na sababu nzuri, maana wenye haraka huwa na sababu nzuri sikuzote. Atagusa mfuko wake. Mwambie asubiri, ushuke ukaangalie. Akikufukuza, utalala na njaa siku kadhaa, mimi nimelala nayo, inapita. Na siku ukikosea, maana utakosea, usimwache mwingine abebe kosa lako hata kwa siku moja. Mimi nilimwachia Mzee siku moja, na mpaka alipokufa sikuwahi kumtazama usoni kwa muda mrefu.

Mwenyezi Mungu akupe macho yanayoona na moyo usioogopa bosi. Akuepushe na kalamu ya haraka. Watu watakaopanda juu ya kazi ya mikono yako wafike makwao salama, washuke, wapokelewe na watoto wao, wala wasijue kabisa kwamba ulikuwepo. Amina. Haya, epua chai.